Aliyeanguka Mtoni

Domina alipata kazi ya kumhudumia Adela Strand kwa sababu ya lugha. Vyeti alikuwa navyo, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewanyanyua wazee vitandani, akawaogesha na kuwalisha katika nyumba za Alexandria na Fairfax, lakini si hayo yaliyomfikisha pale. Kabla yake alikuwapo Jelagat, Mkenya wa Eldoret, naye ndiye aliyegundua kwamba yale maneno ambayo bibi kizee alikuwa akiyabwabwaja kila alasiri, na ambayo daktari alishayaandika kuwa ni kuchanganyikiwa kwa uzee, yalikuwa Kiswahili.

"Domina, nakwambia niliangusha sahani," Jelagat alimsimulia kwa simu. "Mzungu wa miaka tisini na nne, hata hajui leo ni siku gani, ananiambia 'niletee maji, dada.' Na si Kiswahili yetu hii ya Kenya, ni ile yenu Watanzania, ya adabu nyingi. Mimi nimepata job karibu na kwangu, Upper Marlboro. Hii ya huku ichukue wewe."

Domina akaichukua. Alikuwa akiishi upande wa magharibi wa Alexandria, ghorofa ya saba, na binti yake Vumilia wa miaka kumi na sita, aliyeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu yote kwa Kiingereza. Kutoka pale alipanda mabasi mawili hadi kwenye nyumba nyembamba ya matofali mekundu, mitaa miwili kutoka mto Potomac. Mlango ulifunguliwa na Christopher, mtoto wa kaka yake Adela, mwanasheria wa Fairfax aliyekaribia miaka sitini, mpole, mwenye koti lililokunjamana mgongoni.

"Shangazi yangu alikuwa mtu mashuhuri," alisema, kana kwamba anaomba radhi.

Ukuta mzima wa sebuleni ulikuwa picha. Katika zote alikuwamo mwanamke yuleyule mwenye nywele za dhahabu, kidevu juu, mabega wazi. Chini ya picha hizo, katika kiti cha magurudumu, alikaa bibi mdogo kama mtoto wa shule, blanketi magotini. Alimtazama Domina.

"Hujambo, Bibi," Domina akasema.

"Sijambo," bibi akajibu. "Mbona umekawia?"

Asubuhi akili yake ilikuwa bado nyepesi, na asubuhi hizo ndizo Domina alizomjulia habari zake. Jina la kuzaliwa lilikuwa Edna. Baba yake alichimba makaa ya mawe Pennsylvania na kufa kwa vumbi la mapafuni, Edna akiwa na miaka kumi na miwili. Mama yake akafua nguo za watu, na Edna akauza tiketi kwenye jumba la sinema la mji wao, ambako kila filamu aliitazama kwa kuchungulia nyuma ya pazia. Alipofika miaka kumi na minane mpiga picha wa gazeti akampiga picha dirishani pale pa tiketi, na picha ile ikafika California. Kampuni moja ya filamu ikamwita, ikampa mkataba wa miaka saba.

"Waling'oa meno yangu manne ya nyuma," alimwambia Domina kwa Kiingereza, akigusa shavu, "ili mashavu yabonyee. Nywele za hapa juu ya paji wakazing'oa mojamoja, paji lionekane pana. Wakanipa jina. Halafu wakanipa utoto: baba daktari, nyumba yenye bustani, farasi wawili. Nilikariri, na mwalimu alinisikiliza kila Ijumaa. Nikikosea jina la farasi, narudia mwanzo."

Kwa miaka minne alikuwa karani katika filamu, au dada wa mtu, au msichana anayekufa kabla watazamaji hawajamaliza bisi zao. Kisha, mwaka 1954, wakampeleka Tanganyika, kando ya mto Mara, kuigiza mke wa daktari anayevuka mto uliofurika kwa chelezo cha magogo ili kupeleka dawa kwa wagonjwa. Katikati ya mto chelezo kinapinduka, mwanamke anazama, na baadaye anaibuka ng'ambo, chupa ya dawa ikiwa kifuani. Magazeti yaliandika kwamba Adela Strand alikataa kusaidiwa na mtu yeyote, akajitosa mwenyewe. Kwa tukio hilo moja akawa nyota. Miaka kumi alikuwa kwenye mabango, kwenye majalada ya majarida, kwenye meza moja na mabalozi. Alipotimiza thelathini na minne, mwongozaji mmoja akamtaka aigize mama wa mwanamume aliyemzidi yeye umri. Akakataa. Baada ya hapo lilikuja tangazo la sabuni, halafu hakuna kilichokuja tena. Akaolewa na ofisa wa jeshi la majini, akahamia Alexandria. Watoto hawakujaliwa, na mume akatangulia.

Kila Jumanne alikuja Audrey, mhadhiri wa historia ya filamu kutoka chuo kikuu kilicho karibu na Fairfax, aliyekuwa akiandika kitabu cha maisha yake. Mwezi wa Oktoba chuo kingefanya jioni ya kumuenzi, na filamu ile ya mto, iliyokuwa imesafishwa upya, ingeonyeshwa. Audrey aliweka kinasa sauti mezani na kuuliza kwa upole. Kila alipofika kwenye mto, bibi alinyoosha shingo, macho yakang'aa, akasema: "Maji yalikuwa baridi, mpenzi wangu, baridi hata sikusikia hofu. Nilijiambia, Adela, mwanamke huyu angejitosa, basi na wewe jitose."

Domina alilisikia simulizi hilo mara nne. Maneno yalikuwa yaleyale, kituo cha kupumua palepale, tabasamu la mwisho lilelile. Mara ya nne alikumbuka lile somo la Ijumaa.

Alasiri mambo yaligeuka. Jua likishaondoka dirishani, bibi aliingiwa na wasiwasi, akavutavuta blanketi na kuanza Kiswahili chake. Kilikuwa Kiswahili kifupi kifupi, chenye sauti ya watu wa bara, bila pambo. "Msimwachie kamba," alisema. "Nimesema mimi. Nimesema mimi."

Siku moja ya Agosti Domina alikuwa akimpaka mafuta miguuni. Akauliza, kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa, "Ulisema nini, Bibi?"

Bibi akazungumza taratibu, na Domina akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa imetulia.

"Kwa Kiingereza siwezi kusema. Kwa Kiingereza nina yale waliyoniandikia. Nikifungua mdomo tu, yanatoka. Haya mengine ninayo kwa maneno ya Ghati. Nimeyasema kila siku, kimya kimya, yasipotee."

Ghati alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, wa kijiji cha karibu na mto, aliyejifunza Kiswahili misheni. Kampuni ilimchagua kwa sababu ya urefu na mabega, vilivyolingana na vya Adela. Walimpaka poda nyeupe usoni, mikononi na shingoni, wakamvika wigi la manjano na gauni kama la Adela, ili kamera ikiwa mbali atembee badala yake mahali pa hatari. Wiki sita wasichana wawili walikaa chini ya turubai moja. Ghati alitakiwa ajifunze kutembea kama Adela. Yeye akamfundisha Adela Kiswahili, akimcheka kwamba anatembea kama kuku aliyekanyaga makaa.

"Nilikuwa sina rafiki," bibi alisema. "California pia nilikuwa sina. Nilikuwa naye."

Siku ya chelezo mto ulikuwa umepanda, maji ya kahawia yakibeba matawi. Mvua ilikuwa imenyesha juu usiku kucha. Mkalimani wa kampuni alikuwa Musoma, mgonjwa wa malaria, kwa hiyo mtu pekee aliyeelewa lugha zote mbili alikuwa Adela. Ghati alisimama ukingoni na poda yake usoni, akaangalia maji. Akamgeukia Adela akasema, "Dada, maji haya siyaamini. Waambie tungoje."

Mwongozaji akauliza, "Anasema nini?"

Hapa bibi alifumba macho. Domina aliacha mikono yake juu ya miguu ile myembamba.

"Jana yake mwongozaji aliniambia, msichana akikataa utaingia wewe. Na wewe ukikataa, kuna meli ya kurudi nyumbani, na mkataba basi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliyaangalia yale maji. Nikamwambia mwongozaji, anasema yuko tayari."

"Na Ghati?"

"Alimwona mwongozaji anatikisa kichwa kukubali. Akadhani nimemwombea. Akaniambia, asante dada." Bibi akafungua macho. "Wakamwonyesha kwa mikono apande. Alidhani ni picha tu, pale ukingoni. Kisha wakaachia kamba."

Hakuonekana tena. Siku tatu walitafuta, kisha wakafunga mizigo. Kuibuka kwake Adela ng'ambo ya mto kulipigwa picha miezi miwili baadaye, California, ndani ya bwawa la maji ya uvuguvugu. Lakini kule kuanguka hawakukuondoa. Kulikuwa kuzuri mno.

Domina alirudi nyumbani na basi likampitisha kituo chake. Alipomweleza Jelagat kwa simu, mwenzake alimkataza.

"Hiyo achana nayo kabisa. Wewe ni care aide, si padri. Ukiingilia mambo ya family utafutwa, na ejensi hawatakupigia tena. Na tena mtu wa dementia, nani atakuamini?"

Maneno hayo yalikuwa na akili, na Domina akayashika. Angeyashika daima, kama si Jumanne ya mwanzo wa Septemba.

Siku hiyo Audrey alileta ile filamu iliyosafishwa, aitazame na bibi kabla ya jioni ya chuo. Christopher naye akaja, amejaa furaha. Alisema filamu hiyo aliitazama mara ya kwanza akiwa na miaka saba, na kwamba pale kwenye mto alikuwa akiwaambia watoto wa shule, yule ni shangazi yangu. Wakakaa mbele ya televisheni kubwa. Mto ukatokea, mpana, ukinguruma. Kwa mbali, juu ya chelezo, kulikuwa na mtu mdogo mwenye nywele za manjano. Domina alisimama nyuma ya kiti cha magurudumu, na kwa kuwa alijua, aliona. Aliona yule mtu anageuza uso kuelekea ukingoni, ananyoosha mkono mmoja, kiganja wazi, kama mtu anayewaambia watu, ngojeni kwanza. Kisha chelezo kikapinduka.

"Ajabu," Christopher alinong'ona. "Mpaka leo nasisimka."

Ndipo bibi alipopiga kelele. "Ghati! Siyo mimi! Yule ni Ghati! Alisema tungoje! Alisema tungoje, nami nikadanganya!"

Audrey alisimamisha picha. Kinasa sauti kilikuwa kinaendelea. "Domina, anasema nini?"

Christopher pia aligeuka. Uso wake ulikuwa na wasiwasi wa mtoto. Domina aliona vyote kwa pamoja: kitabu, jioni ya Oktoba, kazi yake, ada ya chuo ambayo Vumilia angeihitaji karibuni, na huyu bwana mwema ambaye utoto wake ungebomoka pale alipokaa. Baadaye hakuweza kusema ni lipi kati ya hayo lililomfungua mdomo.

"Anasema maji yalikuwa baridi," alijibu.

Audrey akaandika. Christopher akacheka kwa faraja, akaushika mkono wa shangazi yake. Lakini bibi alikuwa ameelewa. Kiingereza kilikuwa lugha yake. Aligeuza kichwa polepole, akamtazama Domina juu ya bega, na kwa sauti ndogo akasema kwa Kiswahili, "Hata wewe."

Kuanzia kesho yake hakula. Uji aliusukuma, supu aliiacha ikaganda. Domina alipomsemesha kwa Kiswahili, aligeukia ukutani. Siku ya tatu muuguzi alizungumzia kumpeleka hospitali. Jumapili, baada ya misa, Domina alikaa na Vumilia kwenye benchi nje ya kanisa, akamwambia yote. Hakuwa na desturi ya kumwambia mwanawe mambo ya kazini, lakini hakuwa na mwingine.

Vumilia alisikiliza akichezea kamba ya kiatu. Halafu akauliza kwa Kiingereza kama yule msichana alikuwa na mama.

"Kila mtu ana mama," Domina alisema.

Binti yake akauliza, huyo mama aliambiwa nini?

Domina hakuwa amelifikiria hilo kabisa. Alikuwa amewaza bibi, akawaza kazi, akawaza Christopher. Watu wa Ghati hawakuwa wamemwingia akilini hata mara moja. Jioni hiyo akampigia Audrey simu.

Walikutana Jumatatu sebuleni. Domina alikataa kuketi. Alisema, "Jumanne niliwatafsiria uongo," kisha akawaambia alichosikia, neno kwa neno, Kiswahili kwanza na Kiingereza baadaye, ili Audrey akinase. Bibi alikaa kitini mwake, macho yamefumbwa, kichwa kikikubali polepole kila baada ya sentensi.

Christopher alibadilika rangi. "Unajua unachosema? Unasema shangazi yangu alimuua mtu. Unasema kile nilichokuwa nikikitazama tangu utoto ni mtu anakufa."

"Sisemi mimi, bwana. Anasema yeye."

"Ana maradhi ya akili! Juzi aliniita kwa jina la baba yangu!"

"Shangazi," Audrey alimwinamia bibi, akitumia jina ambalo Christopher humwita, "ni kweli?"

Bibi akafungua macho. Domina aliona jinsi alivyohangaika. Kisha shingo ikanyooka, tabasamu likaja lenyewe. "Maji yalikuwa baridi, mpenzi wangu," alisema kwa Kiingereza, "baridi hata sikusikia hofu." Machozi yalikuwa yakimtiririka wakati huohuo, na tabasamu halikuondoka mpaka alipomaliza.

Saa tisa ejensi iliyomwajiri ilimpigia Domina. Alikuwa amefichua siri za mteja. Asirudi pale. Kama kazi zingine zingepatikana, wangemjulisha. Hazikupatikana. Wiki mbili baadaye alianza kufua mashuka ya hoteli moja ya Alexandria, na jioni alipofika nyumbani vidole vilikuwa vimevimba kwa mvuke.

Hata hivyo hakuweza kuacha. Kwenye sherehe ya kipaimara huko Upper Marlboro, Watanzania wamejaa ukumbini, alimwona mzee mmoja wa Tarime anayeendesha teksi Alexandria. Akamvuta kando, akamweleza. Mzee alisikiliza sahani mkononi, pilau likapoa.

"Watu wa filamu," alisema mwishowe. "Nilipokuwa mdogo wazee walikuwa wakisema habari za watu wa filamu. Nitauliza nyumbani."

Audrey naye alikuwa akichimba kwa upande wake. Jioni ya chuo ilikuwa imeahirishwa, kwa sababu ya afya, kama lilivyosema tangazo. Katika karatasi za kila siku za ile kampuni iliyokwisha kufa zamani alikuta mstari mmoja, wa siku ya chelezo. Alimsomea Domina kwa simu: mvua kubwa, mto umejaa, tukio limepatikana kwa mara moja. Na chini yake: msichana mwenyeji, ameachishwa kazi.

"Ni hivyo tu?" Domina aliuliza.

"Ni hivyo tu. Hata jina halipo."

Katikati ya Oktoba simu ya Christopher ikaja. Sauti yake ilikuwa imechoka. Shangazi yake aliacha Kiingereza kabisa, alisema. Wahudumu watatu wameondoka. Anaongea mchana kutwa na hakuna mtu nyumbani anayemwelewa, na yeye Christopher akimwambia pole kwa Kiingereza, anaziba masikio. "Sijui kama nakuamini," Christopher alisema. "Lakini sitaki afe hivi. Nimezungumza na ejensi. Njoo, tafadhali."

Domina alimkuta amekwisha, mifupa na macho. Bibi hakumlaumu wala hakumkaribisha. Alisema tu, "Niletee maji, dada," na akanywa glasi nzima.

Wakati huo yule mzee wa teksi alikuwa ameshapata jibu. Ghati alikuwa na mdogo wake, Bhoke, sasa mwenye miaka themanini, bado hai, bado ana masikio mazuri. Familia iliambiwa na watu wa kampuni kwamba Ghati amekwenda Nairobi na wapishi wao, kwa hiari yake, hataki kurudi.

Domina alimweleza bibi hayo. Alitegemea kilio. Bibi alisema, "Mpigie."

Ilikuwa saa nne asubuhi Alexandria, na huko Mara jua lilikuwa linaelekea kuzama. Christopher alisimama mlangoni, mikono mifukoni, asielewe neno. Domina akaweka simu juu ya blanketi, sauti wazi.

"Shikamoo, Mama," Domina alianza.

"Marahaba. Yupo huyo?"

"Yupo."

Sauti ya kuku ilisikika kwa mbali. Kisha Bhoke akauliza, bila salamu, "Dada yangu alisema nini siku ile?"

Bibi aliinamia simu. "Alisema, maji haya siyaamini. Waambie tungoje."

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Nikawaambia yuko tayari."

Domina alisikia pumzi ya mwanamke upande wa pili, ikiingia na kutoka.

"Mama yetu aliishi miaka thelathini baada ya hapo," Bhoke alisema. "Alikuwa akisema ana mtoto Nairobi asiyejali wazazi. Alikataza mtoto yeyote wa nyumba yetu kuitwa Ghati. Alikufa akiwa bado na hasira naye. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilimchukia dada yangu mpaka jana."

"Nisamehe," bibi alisema.

"Hilo sina la kukujibu." Sauti haikuwa kali. "Alikuwa anakula nini huko kwenu?"

Bibi hakuelewa. Domina alirudia swali.

"Alikuwa... alipenda maziwa ya kopo," bibi akasema. "Alikuwa analamba kijiko. Alikuwa anaficha kopo chini ya kitanda changu."

"Maziwa ya kopo," Bhoke alirudia. "Nipigie kesho."

Wakampigia kesho yake, na keshokutwa. Ikawa kila asubuhi. Bhoke hakutamka neno msamaha hata mara moja, wala bibi hakuliomba tena. Aliuliza habari za dada yake, na bibi akatoa alichokuwa nacho: wimbo aliokuwa akiimba akisukwa, jinsi alivyoogopa vinyonga, kovu la gotini, jinsi alivyomwiga mwongozaji mpaka wapishi wakalia kwa kicheko. Siku nyingine hasira ya Bhoke ilipanda, akasema maneno mazito na kukata simu. Bibi alikaa akiikodolea macho. Siku zile hakula. Na bado asubuhi iliyofuata alinyoosha mkono kuitaka simu.

Christopher alikuwa akija na kukaa pembeni. Siku moja alimwomba Domina amtafsirie. Akamtafsiria, bila kupunguza kitu. Alipotoka hakuaga, na kwa wiki nzima hakurudi. Aliporudi alikuwa na kisanduku, akaanza kushusha picha ukutani. Alizishusha chache, akaacha, akazirudisha mbili.

Adela Strand alifariki tarehe kumi na tisa Novemba, asubuhi, usingizini. Magazeti yaliandika habari zake. Christopher alikuwa amewapelekea taarifa isiyotaja mto, lakini mojawapo likachimbua matoleo yake ya zamani na kuandika kuhusu mwanamke jasiri aliyejitosa mwenyewe. Audrey aliandika barua ya kusahihisha. Alijibiwa kwamba wangehitaji ushahidi zaidi ya karatasi moja na maneno ya mgonjwa. Kitabu chake bado anakiandika.

Ilibaki kumpigia Bhoke. Domina alipiga saa ileile waliyoizoea, akiwa peke yake katika sebule ile, kiti cha magurudumu kimekunjwa mlangoni kikisubiri kuchukuliwa.

"Leo mmechelewa," Bhoke alisema.

"Mama, Bibi amefariki."

Domina alidhani atasikia shukrani kwa Mungu, au laana, au kilio, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Alikuwa hajamaliza," Bhoke alisema. Sauti yake ilikuwa imekatika katikati, kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. "Jana alianza kunieleza walivyokwenda sokoni Musoma. Hakumaliza. Sasa nani ataniambia habari za Ghati?"

Domina alitazama ukuta, mahali ambapo picha zilikuwa zimeacha madoa meupe. Alijaribu kukumbuka alasiri zote za Agosti na Septemba, kila kipande alichokuwa amekisikia bila kukitilia maanani. Havikuwa vingi, na vingine hakuwa na hakika navyo.

"Habari za Musoma aliniambia kidogo," alisema, akavuta kiti. "Walikwenda kwa lori. Ghati alikaa mbele."